Ng'ombe Ana Namba, Mchungaji Hana

Piyaya ni kata ya wafugaji wa Kimasai katika Wilaya ya Ngorongoro, kwenye nyanda za majani mafupi zilizo mashariki mwa Serengeti. Kati ya Januari na Machi nyumbu huzaa katika nyanda za ukanda huu, na wachungaji hulazimika kuwatoa ng'ombe kwenye majani mabichi wakati ule ule wanapoyahitaji zaidi. Wanajua kwamba nyumbu wachanga hueneza kirusi kisichowadhuru nyumbu wenyewe lakini huua ng'ombe. Uamuzi wa kuhama hufanywa kwa kuangalia mvua, umbali wa maji, idadi ya ndama na nguvu za vijana waliopo bomani. Hiyo ni kazi ya utaalamu. Ina zamu, ina wasimamizi, ina mafunzo yanayoanza utotoni, layoni, yaani mvulana ambaye hajatahiriwa, anapokabidhiwa ndama na mbuzi wa karibu na boma. Ina hatari zake pia: jua la kutwa, kiu, nyati, tembo, simba, nyoka, na magonjwa yanayotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu.

Mnyama wa mchungaji huyu ameingia kwenye zama za kidijitali kabla yake. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, Namba 12 ya mwaka 2010, inataka kila mfugo ujulikane ni wa nani na umetoka wapi. Kwa muda mrefu utambuzi ulikuwa kwa chapa ya moto. Baadaye zikaja hereni za kielektroniki zinazovikwa sikioni, kila hereni na namba yake, na mwezi Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Shabaha ni njema: kuzuia wizi, kufuatilia magonjwa, kufungua masoko ya nyama nje ya nchi.

Sasa mtazame anayetembea nyuma ya ng'ombe huyo. Akishikwa na homa inayopanda na kushuka kwa wiki kadhaa, viungo vikauma, akatibiwa malaria mara mbili bila kupona, ni nadra mtu kuuliza kama ni brusela aliyoipata kwa kumzalisha ng'ombe au kunywa maziwa mabichi. Akivunjwa mbavu na nyati, tukio hilo halihesabiwi popote kuwa ni ajali ya kazini. Hana namba ya mfanyakazi, hana mkataba, hana mfuko wa fidia unaomtambua.

Nimeichagua Piyaya kwa sababu jambo linaloonekana pale linajirudia kila mahali ambako kazi inabadilika. Teknolojia inapoingia kazini huanza kwa kuhesabu mali. Afya ya anayeizalisha mali hiyo huachwa isubiri, na mara nyingi husubiri mpaka mtu azikwe. Tukiwafuata vijana wa Ngorongoro wanapotoka malishoni kwenda kwenye lindo la usiku na kwenye mashimo ya madini, kisha tukamtazama Mwafrika mwenzao aliye mbele ya kompyuta Nairobi, tutaona mpangilio huo huo. Tutaona pia kwamba unaweza kupinduliwa, na kwamba mfano mmoja wa kuupindua ulifanyika katika wilaya hii hii.

Sheria iliyozaliwa kiwandani

Mwaka 1700 daktari wa Kitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya mafundi na vibarua. Aliwaangalia wachimbaji, wafinyanzi, wachota vinyesi na waandishi wa ofisini, akaona kwamba kila kazi ina namna yake ya kuuharibu mwili. Aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Fani nzima ya afya kazini imejengwa juu ya swali hilo.

Sheria zilizofuata, hata hivyo, zilijengwa juu ya kiwanda. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Ilidumu zaidi ya miaka 50, hadi ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali tunaouita OSHA. Sheria mpya ilipanua mlango: haikuishia viwandani, ikagusa mahali pengine pa kazi. Miaka mitano baadaye ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na kuanzia Julai 2015 waajiri wakaanza kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Leo mchango huo ni asilimia 0.5 ya mishahara. Mfanyakazi mwenye mwajiri anayechangia, akikatwa kidole na mashine au akiugua kwa sababu ya kazi, ana pa kwenda.

Haya ni mafanikio ya kweli, na waliopigania kila kifungu wanastahili heshima. Lakini utekelezaji wake unaanza na usajili. Mahali pa kazi pasajiliwe, mwajiri ajulikane, mkaguzi apite getini na daftari lake. Kazi isiyo na geti inabaki nje ya mkono wa mkaguzi, hata pale ambapo maneno ya sheria yangeweza kuifikia. Na kazi nyingi za Watanzania hazina geti.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa ya kazi, na walio wengi huuawa na magonjwa kuliko ajali. Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za kazi, sambamba na uhuru wa kujiunga na chama na marufuku ya kazi za kulazimishwa. Tarehe 28 Aprili 2025, siku ya usalama na afya kazini duniani, mada yake ilikuwa akili bandia na mifumo ya kidijitali. Mazungumzo ya namna hiyo huzungukia roboti na maghala makubwa ya nchi tajiri. Sisi tuna kesi zetu, na hazihitaji roboti.

Lindo la usiku

Ufugaji wenyewe unabanwa. Juni 2022 serikali iliweka alama za mpaka kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500 katika tarafa za Loliondo na Sale, eneo lililokuja kuwa Pori la Akiba la Pololeti, na Piyaya ni miongoni mwa vijiji vilivyoguswa. Wananchi walipinga, kukawa na makabiliano, kesi zikaenda mahakamani. Ongeza ukame unaorudi kabla mifugo haijapata nafuu ya ukame uliotangulia. Kwa mada yetu, matokeo yake ni haya: malisho yakipungua, mikono inahama. Wapo wanaopata kazi za msimu kwenye kambi za watalii. Wapo wanaoshuka Karatu kunyunyizia dawa kwenye vitunguu vya Mang'ola, mara nyingi bila glavu wala barakoa, na lebo ya dawa imeandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Na wengi, kwa miaka mingi sasa, wamekwenda Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar kulinda nyumba na maduka ya watu.

Mlinzi wa Kimasai amekuwa sehemu ya kawaida ya miji yetu kiasi kwamba hatumuulizi habari za afya yake. Analala mchana kwenye chumba cha kupanga anachochangia na wenzake watano au sita, chini ya bati linalochemka. Saa kumi na mbili jioni yuko kazini, na anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Akifanya hivyo siku saba, amefanya saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kuwa kikomo cha kawaida cha wiki, inataka mapumziko ya kila wiki, na inaagiza nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku. Walinzi wengi hawajawahi kusikia habari za asilimia hiyo.

Madhara ya saa hizo yamepimwa. Utafiti wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na ILO, uliotolewa mwaka 2021, ulikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016 pekee. Mlinzi wetu yuko juu ya kiwango hicho kwa saa 29.

Na sasa lindo nalo limeingia kwenye mifumo. Kwenye majengo makubwa mlinzi hugusisha kifaa kwenye alama zilizobandikwa ukutani, na mfumo huandika dakika aliyopita kila kona. Kamera humuonyesha bosi aliye nyumbani kama mlinzi amesinzia. Taarifa zote zinazohitajika kumlinda mtu huyu zinakusanywa tayari: aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi, alisimama muda gani, usiku wa ngapi mfululizo. Kifaa kile kile kingeweza kusema, mtu huyu amekesha usiku wa kumi bila kupumzika, apewe mapumziko leo. Hakisemi, kwa sababu aliyekinunua hakukiagiza kiseme hivyo, wala hakuna aliyemlazimisha.

Ukuta wa Mirerani

Vijana wengine wa Kimasai huelekea Mirerani, wilayani Simanjiro, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti. Jiwe hilo liligunduliwa mwaka 1967. Wachimbaji wake huitwa wanaapolo, na mashimo wanayoteremka yana kina cha mamia ya mita.

Mirerani imezika watu wengi. Mwaka 1998 mvua za El Niño zilijaza mashimo na kuua makumi. Mwaka 2002 makumi wengine walikosa hewa chini baada ya mashine ya kusukuma hewa kushindwa kufanya kazi. Mwaka 2008 mvua ikafurika tena, na makumi wengine wakafa. Kila msiba ulileta viongozi, rambirambi na ahadi.

Tarehe 6 Aprili 2018 Rais John Magufuli alizindua ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka eneo la machimbo, uliojengwa na vijana wa jeshi kwa miezi michache tu. Lango lilidhibitiwa, upekuzi ukaimarishwa, kamera zikafuata. Jiwe likawa halitoki bila kupimwa, kuthaminiwa na kutozwa kodi. Faida ilionekana: mwaka 2020 mchimbaji wa Kimasai, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili yenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa shilingi bilioni 7.7 na ushee, na nchi nzima ikafurahi pamoja naye.

Ukuta ule ulithibitisha kwamba taifa likiamua kufuatilia kitu, linaweza. Linaweza hata mahali palipokuwa pameshindikana kwa miaka 50. Ndiyo maana nauliza habari za vumbi.

Mwamba wa Mirerani una madini ya kinywe na una silika. Mchimbaji anapochoronga mwamba bila maji, vumbi hujaa kwenye njia nyembamba isiyo na pa kutokea. Chembe za silika zinazoleta hatari ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Zinapita pua, zinapita koo, zinatua kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na hazitoki tena. Mwili hujaribu kuzizungushia makovu. Makovu yakiongezeka, pafu hukakamaa. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna dawa ya kuuondoa. Mwenye silika mapafuni yuko pia kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu kuliko mtu mwingine, na hatari hiyo humfuata hata akiacha uchimbaji. Kinga yake inajulikana kwa zaidi ya karne: choronga kwa maji, sukuma hewa safi chini, subiri vumbi la baruti litulie kabla ya kurudi shimoni, pima mapafu ya kila mchimbaji mara kwa mara.

Madaktari wa Hospitali ya Kibong'oto, iliyoko Siha mkoani Kilimanjaro na inayotibu kifua kikuu tangu 1926, wamekuwa wakiwachunguza wachimbaji wa Mirerani. Mashine za kidijitali zimewarahisishia kazi. Leo kuna eksirei ya kubebeka, na kuna programu inayosoma picha ya kifua ndani ya dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za aina hiyo mwaka 2021 kwa ajili ya kuchuja kifua kikuu. Programu hizo zilifundishwa kuutambua ugonjwa huo, kwa hiyo pafu lenye makovu ya silika linaweza kuzichanganya. Macho ya daktari anayejua vumbi bado yanahitajika.

Kikwazo kikubwa zaidi kiko kwenye mkataba. Wanaapolo wengi hawalipwi mshahara. Hupewa chakula na matumizi kidogo, na mgawo wao husubiri jiwe litoke. Kwa hiyo kisheria ni vigumu kumtaja mwajiri wao, na asiye na mwajiri hana aliyemchangia WCF. Mapafu yakichoka, kijana hurudi kwao akiwa mwembamba na mwenye kikohozi. Nyumbani analala kwenye nyumba ya udongo yenye moshi na dirisha dogo, pamoja na watoto wa ndugu zake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa janga limechumwa na yule aliyenyima mchorongo maji, na wanaolila ni watu wa boma.

Vidonda visivyotoka damu

Mtu anaweza kudhani kwamba mtoto akisoma, akapata kazi ya kompyuta, atakuwa ameyakimbia haya. Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha vinginevyo.

Kuanzia mwaka 2019 kampuni ya Sama iliwaajiri vijana jijini Nairobi kuchuja maudhui ya Facebook kwa lugha za Kiafrika. Kazi yao ilikuwa kutazama video za mauaji, ubakaji na ukatili kwa watoto, ili sisi wengine tusizione. Februari 2022 jarida la Time lilieleza kwamba walitakiwa kuamua kila video kwa wastani wa sekunde 50, na kwamba baadhi yao walibakiwa na takribani dola 1.50 kwa saa. Mfumo uliwahesabia sekunde. Haukuhesabu walichobeba kwenda nacho nyumbani.

Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo Nairobi na kufukuzwa baada ya kuwaunganisha wenzake kudai haki, alifungua kesi mwaka 2022 dhidi ya Sama na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Mwaka uliofuata wachujaji zaidi ya 180 wakafungua kesi nyingine. Mei Mosi 2023 walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao cha wafanyakazi. Meta ilijitetea kwamba si mwajiri wao na haipo Kenya, lakini Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba inaweza kushtakiwa nchini humo. Desemba mwaka huo ikafahamika kwamba Dakta Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aliwapima wachujaji 144 na kuwakuta wengi wao na msongo mkali unaotokana na kushuhudia mambo ya kutisha. Usingizi umekatika, ndoto zinawarudisha kwenye video, ndoa nyingine zimevunjika.

Utetezi wa Nairobi na ule wa Mirerani ni mmoja: huyu si mfanyakazi wangu. Anayefaidika anasimama mbali, katikati kuna mkandarasi au desturi ya mgawo, na mwili unaoumia uko mwisho wa mstari. Tofauti ni kwamba wachujaji wa Nairobi walijipanga, wakapimwa na daktari, wakaiweka afya yao kwenye maandishi ambayo mahakama haiwezi kuyapuuza. Kidonda kilichoandikwa kinaweza kudaiwa.

Simu za Ngorongoro

Sasa turudi katika wilaya yetu, kwa sababu hapa kuna mfano wa kufuata.

Kuelekea mwisho wa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, dalili za homa ya Bonde la Ufa zilianza kuonekana kwenye mifugo ya Ngorongoro. Ng'ombe na mbuzi walitupa mimba, wachanga wakafa. Mbu hueneza ugonjwa huo, na mtu anayechinja au kumzalisha mnyama mgonjwa huupata kwa kugusa damu na majimaji. Katika miezi iliyofuata mlipuko ulienea kwenye mikoa mingi ya Tanzania, na watu zaidi ya 100 walikufa. Wachungaji ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba kuna jambo. Habari zao zilitembea polepole kuliko ugonjwa.

Miaka kadhaa baadaye taasisi ya SACIDS ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ilitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData. Wanajamii waliochaguliwa walifundishwa kuandika kwenye simu dalili wanazoziona kwa watu na kwa wanyama, taarifa ikaenda moja kwa moja kwa maafisa wa afya na wa mifugo, na majibu yakarudi kwa aliyetoa taarifa. Kati ya Agosti na Desemba 2016 walikusanya matukio 1,915 kutoka Ngorongoro na Morogoro Mjini. Ngorongoro peke yake ilitoa 1,832. Watu wasiohesabiwa kuwa wafanyakazi wa mfumo wowote, katika wilaya ambayo mtandao wa simu hushikika kwa kupanda kilima, waliushinda mji.

Ndani ya namba hizo kuna nyingine ya kutafakari. Matukio ya mifugo yalikuwa 1,816, ya watu 99. Ni kweli mifugo ni mingi kuliko watu. Lakini anayeifahamu jamii ya wafugaji atatambua pia kwamba mchungaji huripoti ugonjwa wa ng'ombe haraka, na wake mwenyewe huuvumilia. Hajawahi kuambiwa kwamba homa yake ni habari ya kazi.

Nchini Chad, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu walioishi na wafugaji wanaohamahama walikuta kambi ambazo ng'ombe wamechanjwa na hakuna mtoto hata mmoja aliyekamilisha chanjo zake. Gari la mifugo lilikuwa linafika, la afya halifiki. Suluhisho lao lilikuwa kuwapandisha daktari wa mifugo na muuguzi kwenye gari moja. Kitakachofanya hereni za kielektroniki ziwe baraka kamili Piyaya ni uamuzi wa namna hiyo. Siku timu ya chanjo inapofika kwenye josho na kusoma namba za ng'ombe, awepo na mhudumu wa afya anayepima brusela, anayeuliza habari za kikohozi na vidonda vyeusi vya kimeta, na anayeandika kazi ya kila anayempima. Safari imeshalipiwa, watu wameshakusanyika, na mtandao upo.

Vitu vinne vya kudai

Kwanza, aliye na taarifa za kazi awe na wajibu wa afya. Mwajiri, mwenye mgodi au kampuni ya ulinzi inayotumia mfumo kuhesabu saa na hatua za mtu ilazimishwe na kanuni kutumia taarifa hizo hizo kusimamisha kazi inapovuka kikomo. Mfumo unaoweza kugundua kusinzia unaweza kugundua uchovu.

Pili, vifaa vipime hatari kabla ya kumpima mtu. Nchi iliyoweza kuzungushia jiwe ukuta inaweza kuweka shimoni kipimo cha vumbi na cha hewa, na matokeo yakasomwa juu kabla ya zamu kuteremka. Mabasi yetu ya mikoani yamefungwa mfumo unaotoa taarifa dereva anapozidisha mwendo, na abiria wamefaidika. Mchimbaji anastahili uangalizi sawa na huo.

Tatu, taarifa za mwili ni za mwenye mwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, na Tume iliyoundwa chini yake zipo. Eksirei ya mwanaapolo isigeuke sababu ya kumfukuza bila fidia. Picha za kamera za lindo zisikae milele mikononi mwa mtu mmoja. Vyama vya wafanyakazi viisome sheria hiyo kwa bidii ile ile vinayosomea kima cha chini cha mshahara.

Nne, anayefaidika awajibike, hata pasipo na karatasi ya ajira. Mgawo wa jiwe ni malipo, na alipaye kwa mgawo ni mwajiri. Majaji wa Kenya wameonyesha kwamba umbali wa ofisi hauzuii kushtakiwa.

Hayo yatahitaji Bunge, wizara na mahakama, na yatachukua muda. Lipo moja ambalo halihitaji kusubiri. Kijana wa Piyaya anapoondoka kutafuta kazi mjini, huenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya utambulisho. Barua hiyo inamdhamini kijana kwa mwajiri: jina lake, kwao, tabia yake. Hakuna barua inayomdhamini mwajiri kwa kijiji. Tuiombe. Mtendaji aandike kwenye daftari, na kwenye simu yake, kijana anakwenda kwa nani, kufanya kazi gani, saa ngapi kwa siku, na namba ya atakayewajibika akiumia. Mwajiri atume jibu ndani ya mwezi mmoja. Kijana akirudi, aulizwe kuhusu kifua chake, usingizi wake na saa alizofanya kazi, na majibu yapelekwe kwenye zahanati na kwa ofisi ya kazi mkoani Arusha. Baada ya miaka miwili kijiji kitakuwa na orodha ambayo hakuna taasisi iliyo nayo: kazi zipi zinarudisha watu wazima, zipi zinarudisha wagonjwa, na nani yuko nyuma ya kila moja. Kwa orodha hiyo wazazi wataweza kukataa baadhi ya waajiri kwa sababu zilizoandikwa, na mkaguzi wa OSHA atajua geti la kugonga kwanza.

Serikali ya kijiji ina mhuri, ina mkutano mkuu, na barua inayotafutwa na mwajiri hutoka kwake. Hayo yanatosha kuanza na kijana wa kwanza atakayekuja kuiomba.